Mstari Uliomkata Shangazi

Nilimchukia mkuu wangu wa kazi tangu wiki ya kwanza, na sioni sababu ya kujifanya leo kwamba haikuwa hivyo. Yeye naye hakunipenda. Tulikuwa watatu tu katika ofisi ile, ghorofani juu ya duka la matairi, Tunduma, kwenye barabara ya kwenda mpakani. Ukifungua dirisha, moshi wa malori unaingia mpaka kwenye chai. Ukilifunga, joto linawapikeni wote. Mkurugenzi alikuwa anatafuta kazi na kuzungumza na wateja. Mkuu wangu aliandika programu. Mimi nilichukuliwa nimsaidie, nikiwa nimetoka chuo Mbeya na cheti ambacho yeye alikiangalia upande mmoja, akakirudisha mezani bila kukigeuza.

"Umesomea wapi wewe?" aliniuliza, ingawa jina la chuo lilikuwa pale pale juu.

Nikamtajia. Akasema, "Ahaa," akaendelea na kazi yake. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho.

Mteja wetu mkubwa alikuwa kampuni moja ya mbegu. Walitaka kuandikisha wakulima wa Momba na Mbozi, kisha kila mkulima aliyeandikishwa aende kituoni mwanzoni mwa mvua, ataje jina, apewe mfuko wake. Makarani vijijini waliandika majina kwenye simu, majina yakaja kwetu Tunduma, na programu yetu ikayasafisha. Usafi wenyewe ulihitajika kweli. Karani mmoja anaandika kwa herufi kubwa tupu, mwingine anaweka nafasi tatu kati ya majina, mwingine anamwandika mume na mke mstari mmoja na kuwaunganisha kwa "na", kwa sababu wanalima shamba moja.

Kazi hiyo ya kusafisha ilifanywa na mstari mmoja. Sitii chumvi. Kuna namna ya kuandika alama ambayo watu wa programu huitumia kutafuta kitu ndani ya maandishi: mabano, nyota, alama za kuuliza, mikwaju iliyolala huku na kule. Sisi tuliiita rejeksi. Rejeksi fupi inasomeka vizuri tu. Ya mkuu wangu ilianzia ukingo wa kushoto wa kioo, ikatokea ukingo wa kulia na kuendelea huko nje, hata ikabidi uivute kama kamba ya kisimani ili uone mwisho wake. Ndani yake hamkuwa na pumziko. Hamkuwa na neno hata moja la kumweleza mtu kipande hiki kinafanya nini.

Nilimuuliza mwezi wa kwanza, kwa adabu kabisa. "Kaka, naomba unielekeze huu mstari. Sehemu hii ya katikati inatafuta nini?"

"Unafanya kazi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi uache. Anayejua ataisoma. Asiyejua asiiguse."

Nikaacha. Naandika hili ili nisijitoe kwenye lawama. Niliacha kwa sababu niliogopa kuonekana sijui. Kwa miezi kadhaa nilipita pembeni ya mstari ule kama mtu anayepita pembeni ya mbwa wa jirani.

Mvua zilipoanza, shangazi yangu alinipigia simu. Huyu ni dada wa baba, mjane, analima mahindi na ufuta upande wa Chitete. Ndiye aliyenilea miaka miwili mama alipokuwa mgonjwa. Hapigi simu ovyo. Alipiga saa nne asubuhi, na nyuma yake nikasikia watu wengi wakizungumza kwa pamoja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wananiambia sipo."

"Hupo wapi?"

"Kwenye hiyo orodha yenu ya kompyuta. Nimepanda pikipiki kutoka nyumbani mpaka hapa, tope mpaka magotini, nimefika wananiambia sipo. Nimewaambia nipo, mnaniona nimesimama. Wanasema kompyuta haikuoni. Sasa wewe si ndiye unafanya kazi huko?"

Nilimwambia asubiri. Nikamgeukia mkuu wangu, nikamweleza. Hakuinua macho.

"Makarani wa vijijini," alisema. "Wanaandika kwa kidole gumba huku wanaongea. Takataka ikiingia, takataka itatoka."

"Shangazi yangu alijiandikisha mbele yangu. Niliona jina lake likiandikwa."

"Basi ni bahati yake mbaya."

Kesho yake nilimwomba mkurugenzi ruhusa, nikaenda Chitete na karatasi mbili: orodha ya majina yaliyotoka kwa makarani, na orodha iliyotoka kwenye programu yetu. Barabara ilikuwa mbaya kama ilivyo siku zote mvua ikinyesha. Nilifika na matope mpaka kiunoni na hasira ya kunitosha.

Kituo kilikuwa turubai mbele ya ghala. Upande mmoja watu walikuwa wanaitwa, wanaweka sahihi, wanaondoka na mifuko. Upande mwingine kulikuwa na watu wasioitwa. Wale wasioitwa walikuwa wanawake. Palikuwa na mwanaume mmoja tu kati yao, mwinjilisti, naye alikuwa amekasirika kuliko wote.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaona kitambulisho cha kampuni yangu shingoni.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

Nikasema ndiyo.

"Mume wangu amepewa. Shamba lake na shamba langu ni mbalimbali. Nimelima mimi, nimepima mimi, nimeandikwa mimi. Kwa nini yeye ameonekana, mimi sikuonekana?"

"Ndicho nilichokuja kutafuta, dada."

"Utafute upesi. Mvua haikusubiri wewe."

Wengine wakasogea. Hakuna aliyenigusa, ila kila mmoja alikuwa na neno lake, na kwa kuwa waliona Kiswahili ni kipole mno kwa jambo lile, wakahamia Kinyamwanga, lugha ya kwetu. Nilielewa kila kitu. Shangazi alikuwa amekaa juu ya jiwe na kanga yake imelowa. Hakunitetea. Aliniangalia tu nikitukanwa.

Nilikaa karibu naye, nikaanza kulinganisha karatasi zangu. Sikuhitaji muda mrefu. Nilianza kuweka alama ya kalamu kwa kila jina lililopotea, na nilipofika la kumi na tano nikaona yalivyofanana.

Yanipasa nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa sababu kila mtu analijua. Kwa Wanyamwanga, jina la ukoo la mwanaume huanza na Si. Dada yake wa tumbo moja ana jina lilelile, ila lake huanza na Na. Baba yangu ni Si, shangazi ni Na, mimi ni Na. Kwenye karatasi yangu, majina yote yenye Si yalikuwa salama. Yaliyopotea yalikuwa ya Na. Na mwinjilisti wetu alikuwa na jina la baba lililotoka kwenye Biblia, lenye kuanza na herufi hizo hizo mbili.

Nikamwonyesha shangazi. Akashika karatasi mbali na macho, akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Huyo mwenzako," akasema, "anatoka wapi?"

"Mbali. Si wa huku."

"Hakuuliza?"

"Hakuuliza."

"Na wewe je? Wewe si wa huku?"

Nilizikunja karatasi zangu.

Nilirudi Tunduma, na asubuhi iliyofuata nikawahi ofisini kabla ya mkuu wangu. Nilinakili ule mstari kwa mkono kwenye karatasi za kalenda ya zamani, nikazibandika mezani moja baada ya nyingine, na nikaanza kuukata kwa rula na kalamu nyekundu. Kipande hiki kinaondoa nafasi za mwanzoni. Hiki kinatafuta nukta baada ya herufi moja. Hiki sijui. Hiki kinarudia cha kwanza bila sababu. Kila nilipokitambua kipande, chuki yangu ilizidi, maana niliona kwamba hakikuwa kigumu. Kilifichwa tu.

Katikati nikalikuta neno "na". Kipande kile kilikusudiwa kuwatenganisha mume na mke. Kilisema: tafuta nafasi, kisha n na a, herufi kubwa au ndogo, kisha nafasi nyingine. Lakini baada ya nafasi ile ya pili palikuwa na nyota. Kwenye rejeksi, alama ya jumlisha ina maana ya "moja au zaidi". Nyota ina maana ya "hata kama hakuna". Kwa hiyo mstari haukujali kama baada ya "na" pana nafasi au hapana. Ulikuta jina la kwanza la shangazi, nafasi, kisha Na ya ukoo wake, ukaona hiyo ni "na" ya kuunganisha watu wawili. Ukamkata. Upande mmoja likabaki jina la ubatizo, upande mwingine mabaki ya jina la ukoo, kila upande ukahesabiwa kuwa mtu mzima. Halafu kipande cha mwisho kikaja, kikaona watu wawili wasio na jina la pili, kikawatupa wote kwa kuwa hawajakamilika.

Nilisoma hilo nikiwa nimesimama. Nikaenda kunawa uso.

Mkuu wangu alipofika nilimwonyesha. Aliangalia karatasi zangu zilizobandikwa, si nyota niliyoizungushia wekundu.

"Umechafua meza," alisema.

"Umewatupa wanawake wa wilaya nzima."

"Makarani walikuwa wanaandika 'na' na kuibandika kwenye jina la mke bila nafasi. Ndiyo maana nikaweka nyota. Kuna sababu. Wewe huijui."

Hapo alikuwa na haki, na iliniuma. Kweli kulikuwa na makarani wa namna hiyo. "Sasa ningeijuaje?" nikamwambia. "Umeiandika wapi?"

Alijigusa kichwa kwa kidole.

Nilitumia siku mbili kuandika upya. Niliuvunja mstari vipande sita, kila kipande kwenye mstari wake, kila kimoja nikakipa jina la Kiswahili ambalo hata karani angelielewa: nafasi za ziada, kiunganishi cha wanandoa, jina la ukoo la kike. Juu ya kila kimoja nikaandika sentensi moja ya kueleza kinatafuta nini na kwa nini kipo. Kuhusu ile "na" iliyobandikwa kwenye jina, niliandika ukweli: kompyuta haiwezi kujua kama ni kiunganishi au ni jina la ukoo, kwa hiyo jina hilo lisikatwe wala lisitupwe, liwekwe kando, mtu alitazame kwa macho yake. Mwisho nikaandika orodha ya majina ya kujaribia, na kila badiliko likifanywa, programu iyapitie majina hayo kwanza na ipige kelele likikosewa hata moja. La kwanza kwenye orodha lilikuwa la shangazi.

Mkuu wangu alipoifungua, alicheka.

"Hii ni programu au barua ya mapenzi?"

Sikucheka.

"Mstari mmoja umekuwa ukurasa," akasema. "Mteja akiona hivi atafikiri tumeajiri mwalimu wa chekechea."

Aliniambia angeipitia. Alichofanya, nilikigundua Jumatatu. Alifuta vipande vyangu vyote sita, akafuta maelezo, akafuta orodha ya majaribio. Akaurudisha mstari wake mrefu vilevile, na pale penye nyota akaweka jumlisha. Kwenye kumbukumbu za mabadiliko, zinazohifadhi kila toleo la programu, aliandika "marekebisho madogo", na chini yake jina lake.

Nami nilifanya jambo la kitoto, sitalificha. Nilichapisha majina yote ya wanawake waliotupwa, kwa herufi kubwa, karatasi tatu, nikayabandika ukutani mbele ya kiti chake. Alipoyabandua niliyabandika tena. Hatukusalimiana wiki nzima. Aliagiza chai ya watu wawili, yake na ya mkurugenzi.

Orodha mpya ilikwenda Chitete, na wanawake wakaonekana. Lakini kufikia Alhamisi simu zilianza tena, safari hii kutoka upande wa Igamba na vijiji vya jirani. Sasa ilikuwa zamu ya wanandoa walioandikwa na wale makarani wa kubandika. Ile jumlisha ilitaka nafasi baada ya "na", na kwa hao nafasi haikuwepo. Mume na mke wakageuka mtu mmoja mwenye jina refu lisilo la mtu yeyote. Wakaitwa mara moja, wakapewa mfuko mmoja, na wawili kati yao wakagombana mbele ya watu hadi mwenyekiti wa kijiji akaingilia.

Kampuni ya mbegu ilimpigia mkurugenzi. Sikusikia walichosema, ila niliona alivyoibana simu sikioni. Alikata simu, akavuta kiti katikati ya ofisi, akamwambia mkuu wangu awashe kompyuta.

"Nisomee," akasema.

"Nini?"

"Huo mstari. Nisomee kama unavyosoma barua. Anzia mwanzo."

Mkuu wangu akaanza kwa sauti ya kawaida. Hapa inaondoa nafasi. Hapa inaangalia herufi ya kwanza. Alipofika bano la tatu akapunguza mwendo. Akarudi nyuma kidogo, akahesabu mabano kwa kidole. Nje lori lilikuwa linapiga honi bila kukoma.

"Hapa inakagua... hapana, hii inafungua lile la juu." Akaachia kipanya. "Hii niliiandika muda mrefu uliopita."

"Karibu mwaka," nikasema.

Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu niliyekaa naye chumba kimoja.

Mkurugenzi hajui kuandika programu hata kidogo. Aliniambia nami nilete wangu. Niliurudisha kutoka kwenye kumbukumbu, nikampa kiti, nikasimama pembeni. Alisoma mwenyewe, akifuata kwa ncha ya kalamu.

"Hapa inasema kiunganishi cha wanandoa. Hapa inasema jina lenye shaka lirudishwe kwa mtu alitazame." Akageuka. "Mbona mimi naelewa?"

Mkuu wangu akasema kitu ambacho nadhani kilikuwa ndani yake siku zote. "Ukiandika hivyo, kila mtu ataweza kuifanya kazi hii."

"Ndiyo," nikasema. "Hata wewe."

Mkurugenzi alitupiga jicho wote wawili. "Tumieni wa kwake. Na sitaki kusikia ugomvi wenu tena, hapa si sokoni."

Ndivyo nilivyoshinda. Hakuna aliyenipa mkono. Mkuu wangu alikaa miezi mitatu mingine akiongea nami kwa maandishi tu, ingawa meza zetu zilikuwa hatua mbili kutoka moja hadi nyingine. Kila nilipomwomba aandike maelezo juu ya kipande chake, aliandika maelezo ya kejeli. "Kwa faida ya wasiojua, herufi a ni herufi." Nami nilimjibu kwa ukali uleule, na maneno yale bado yamo ndani ya programu, yeyote atakayekuja atayasoma. Kisha akapata kazi mji mwingine. Siku ya mwisho alimuaga mkurugenzi, akamuaga mwenye duka la matairi, akashuka ngazi.

Nilifurahi. Nilifungua madirisha yote mawili, moshi ukaingia.

Siku hizi nina wawili chini yangu, na najua hawanipendi. Siwaruhusu kupitisha rejeksi ndefu bila kuivunja, bila kuipa majina, bila kuandika kwa nini ipo, bila orodha ya majina ya watu wa huku ya kuijaribia. Wakinung'unika nawaambia wanisomee kwa sauti. Wakikwama nafuta mbele yao. Kuna siku najisikia nikiongea, na sauti yangu inafanana na ya mtu ninayemjua, lakini kazi naipitisha au naikataa kama kawaida.

Shangazi alipata mbegu yake, ila kwa kuchelewa. Alikuwa tayari amepanda mahindi ya zamani ya ghalani, maana mvua ilikuwa imekolea. Mbegu mpya akaipanda kipande kilichobaki. Nilipokwenda kumwona, mahindi ya majirani yalikuwa yametoa mbelewele, yake ya mbegu mpya yakinifika kiunoni. Nilimkuta anapalilia. Hakuacha jembe.

"Mmeniandika vizuri sasa?"

"Ndiyo, shangazi. Nimerekebisha mwenyewe."

"Na ulikuwa hapo tangu lini, kwenye hiyo ofisi?"

"Tangu mwanzo wa mwaka jana."

Alipalilia mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akaanza lingine. Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisini. Baadaye aliniambia kuna togwa ndani, ninywe, niondoke kabla mvua haijanikuta njiani.

Msimu uliofuata, orodha ya Chitete ilipokuja, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta jina lake. Halikuwepo. Nilifungua majina yaliyotoka kwa makarani, hayajasafishwa, nikatafuta tena. Halikuwepo. Nikapitia vipande vyote sita kimoja kimoja, nikaendesha majaribio, yote yakapita. Ndipo nikaliona shamba lake, namba ileile, kijiji kilekile, limeandikwa kwa jina la mwanawe wa kiume, aliyeko Mbeya na ambaye hajashika jembe miaka mingi. Jina lenye Si.

Nilimpigia kumuuliza.

"Hilo halipotei," akasema, na akakata simu.